Saa kumi na dakika kumi, alfajiri

Nina rejista mbili za maabara yetu, za kuotesha damu, yaani kutafuta bakteria ndani ya damu ya mgonjwa. Ya zamani ina jalada la kijani lililochanika mgongoni, nikaliziba kwa plasta niliyoomba wodini. Upande wa kulia kabisa wa kila ukurasa kuna safu tuliyoichora wenyewe kwa rula na kuiandika "Majibu yamepokelewa na". Anayechukua karatasi anatia saini hapo. Mwaka jana, Jumamosi moja ambayo kazi ilikuwa chache, niliipitia safu hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Mahali pengi palikuwa wazi. Kwingine palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: Ameruhusiwa. Amepelekwa rufaa. Amefariki.

Mstari mmoja ulinifanya nifunge daftari kwanza. Kichanga wa siku tisa, homa na kukataa ziwa. Damu ilitolewa Jumatatu. Majibu niliyasaini Ijumaa: bakteria Klebsiella, hasikii ampisilini, hasikii jentamisini, hasikii seftriaksoni, anasikia amikasini na meropenemu. Ijumaa ile naikumbuka. Sikusubiri mtu aje kuchukua. Nilipanda ngazi na karatasi mkononi, maana niliposoma zile "hasikii" tatu nilijua mtoto anachomwa sindano zisizomsaidia kitu. Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa kazini kabla sijamaliza shule, aliipokea, akaisoma hadi chini, akaiweka mezani taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu tulimpoteza Jumatano alfajiri."

Kila neno kwenye karatasi ile lilikuwa sahihi. Jina la bakteria lilikuwa sahihi, na maduara niliyapima milimita kwa milimita. Nimekaa benchi la bakteriolojia miaka tisa, na miaka yote hiyo nilijipima kwa usahihi tu. Siku niliyopitia safu ile ndipo nilipoanza kujiuliza: kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa zilikwenda wapi?

Watu huniuliza kwa nini malaria inajibiwa ndani ya robo saa na damu ya kuotesha inachukua siku. Sababu ni kwamba mgonjwa anaweza kuwa hoi kitandani huku mililita moja ya damu yake ina bakteria wachache mno, mmoja au wawili tu. Huwapati kwa hadubini. Inabidi uwalishe kwanza wazaane. Ndiyo maana damu inaingia kwenye chupa yenye supu ya virutubisho, chupa inakaa kwenye joto, na mashine inaichungulia kila mara kuona kama kuna hewa ya ukaa inayotolewa na viumbe hai ndani yake. Wakishakuwa wengi, mashine inapiga kengele. Kwetu tunasema chupa imelia.

Chupa ikishalia, njia ya kawaida inataka siku mbili nyingine. Leo unapaka tone kwenye kioo kwa rangi ya Gram, inayoonyesha bakteria ni wa kundi gani, na kupanda tone lingine kwenye pleti, kisahani chenye chakula cha bakteria. Kesho unakuta makoloni, yaani vifungu vya bakteria vilivyoota, unayakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, unapaka kwenye agari ya Mueller-Hinton, chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, kwa kijiti cha pamba, unapanga diski za dawa. Diski ni kijikaratasi cha duara, upana milimita 6, kilicholowekwa dawa. Dawa inasambaa kwenye agari. Bakteria anayesikia dawa anashindwa kuota pale ilipofika, panabaki duara safi. Asiyesikia anaota mpaka anaigusa diski. Keshokutwa, baada ya saa 16 hadi 20 za joto, unapima upana wa duara. Njia hii ilisanifiwa Seattle, Marekani, na makala ya Bauer, Kirby na wenzao ilitoka mwaka 1966. Nami leo, huku pwani, naifanya karibu vilevile. Ni njia ninayoiheshimu sana.

Lakini nilipochukua kumbukumbu za mashine na kuzilinganisha na rejista kwa yule kichanga, niliona kwamba bakteria hakuhitaji siku zote zile.

Damu ilitolewa saa tatu asubuhi. Ilifika maabara saa nane mchana, kwa sababu mbeba sampuli husubiri boksi lijae ndipo ashuke. Saa tano hizo chupa ilikuwa kaunta ya wodi, jirani na feni. Ilipoingia kwenye mashine, ililia siku hiyohiyo, saa nne kasoro dakika kumi usiku. Klebsiella huyo alikuwa na mbio. Sasa, usiku maabara yetu ina mtu mmoja, naye ana malaria, makundi ya damu, wingi wa damu na dharura za wazazi. Benchi la bakteriolojia limefungwa. Chupa ililia, kijana wa zamu akazima sauti, kama alivyofundishwa. Ikafunguliwa saa mbili asubuhi ya Jumanne. Nikaona bakteria wenye umbo la vijiti vyekundu, kundi la Gram hasi, nikapiga simu wodini, haikupokelewa, nikaandika kwenye rejista. Jumatano mchana nikaweka diski. Alhamisi ilikuwa sikukuu. Ijumaa nikasoma.

Nilikaa na karatasi ile nikihesabu. Muda aliouhitaji bakteria na muda tuliomkalisha sisi havikukaribiana hata kidogo. Wa kwanza kumkalisha nilikuwa mimi.

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za kupima haraka, na jambo lililonishangaza ni kwamba njia mojawapo haihitaji mashine mpya. EUCAST, kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya vipimo hivi, imeandaa utaratibu unaoitwa RAST, yaani kupima haraka kama bakteria anasikia dawa. Miongozo yake iko mtandaoni bure. Unachukua supu moja kwa moja kwenye chupa iliyolia, mikrolita 125, huihesabu wala huipimi kwa McFarland. Unaimwaga kwenye Mueller-Hinton ileile, unaipaka, unaweka diski zilezile, si zaidi ya sita kwenye pleti ya milimita 90. Unasoma baada ya saa 4, saa 6 na saa 8. Hiyo siku ya katikati ya kusubiri makoloni inaruka yote.

Usidhani basi ni kufanya kitu kilekile mapema. Duara la saa sita bado linajitengeneza, kwa hiyo kila saa ina jedwali lake la milimita, na kila bakteria ana jedwali lake. Muda wa kusoma hauruhusiwi kuteleza zaidi ya dakika tano mbele au nyuma. Ukitoa pleti kusoma, iwe imerudi kwenye inkubeta, kabati la joto, ndani ya dakika kumi. Kama mpaka wa duara hauonekani vizuri, husomi, unasubiri awamu inayofuata. Na katikati ya "anasikia" na "hasikii" kuna milimita kadhaa ambazo mwongozo unakukataza kutoa jibu lolote. Nimelipenda hilo katazo. Mtu anayekwambia "dawa hii inafaa" kwa kukisia ni hatari kuliko anayenyamaza.

Diski zenyewe zilitukwamisha wiki kadhaa. Kabati letu lilikuwa na sefotaksimu ya mikrogramu 30, kwa sababu miaka yote tulifuata majedwali ya Kimarekani. Jedwali la Ulaya linataka mikrogramu 5. Dawa ni moja, jina moja, lakini ukitumia diski ya 30 na kusoma kwa jedwali la 5 utapata duara kubwa na kumwandikia mgonjwa uongo. Seftriaksoni yenyewe haimo kwenye majedwali ya RAST ya vijiti vya Gram hasi, sefotaksimu, dawa ndugu yake, ndiyo inayoitolea ushahidi. Niliziweka diski za zamani kwenye boksi, nikafunga kwa utepe mwekundu, nikawaambia vijana wasiziguse kwa kazi hii.

Miezi minne tulifanya njia zote mbili sambamba, ya haraka na ya kawaida, bila kumpa daktari majibu ya haraka. Ilikuwa miezi migumu kwa moyo. Unaona duara saa kumi na moja jioni, unalazimika kunyamaza mpaka ulinganishe na la keshokutwa. Lakini ndiyo kazi. Kila wiki tulipanda pia E. coli wa udhibiti, yule wa ATCC 25922 ambaye maduara yake yanajulikana dunia nzima. Siku moja umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, inkubeta ikashuka hadi nyuzi 31. Hakuna aliyegundua mpaka huyo E. coli alipoonyesha maduara yasiyo yake. Tukatupa pleti za usiku ule zote. Tangu hapo kipimajoto kina karatasi yake pembeni, kinasomwa na kusainiwa kila baada ya saa mbili.

Usomaji wa mapema una sura yake. Baada ya saa nne pleti bado ni nyeupe-nyeupe, na bakteria wanaonekana kama pumzi kwenye kioo cha dirisha asubuhi. Unaishika pleti mkononi, unaigeuza taratibu chini ya taa, ukiwa na kitambaa cheusi nyuma yake, na kuna pembe moja tu ambapo ukungu unajitokeza na duara linakuwa duara. Ukisogeza mkono kidogo tu linapotea. Kijana wangu mmoja ana macho mazuri kuliko yangu kwa hili. Zikitimia saa sita ukungu umeshakuwa zulia, na hapo ndipo pleti zetu nyingi zinasomeka.

Kuna kikwazo ambacho sijakivuka na sitaki kukificha. Majedwali yanataka ujue bakteria ni nani. Maabara zenye MALDI-TOF, mashine ya kutambua bakteria, zinapata jina kwa dakika chache. Sisi tunasubiri rangi na vimiminika, na majina mengi yanakuja siku inayofuata. Kwa hiyo tulikaa na madaktari tukakubaliana hivi: usiku, kabla ya jina kujulikana, hatusemi kamwe "anasikia". Tunachosema ni kile kisichobishaniwa na jedwali lolote. Kama kijiti cha Gram hasi kimeota mpaka kimeigusa diski ya sefotaksimu pande zote, hakuna hata uzi wa nafasi, basi seftriaksoni anayochomwa mgonjwa huyo haifanyi kazi, awe Klebsiella, awe E. coli. Kwa daktari aliye wodini usiku hilo pekee ni habari kubwa. Mengine yanasubiri asubuhi.

Wengine watasema mashine zipo, ninunue. Najua zipo. Mwezi Juni mwaka 2024 kampuni ya Sysmex Astrego ya Uppsala, Sweden, ilipewa tuzo ya Longitude, pauni milioni 8, kwa kifaa kinachoingiza mkojo kidogo kwenye vijimfereji vyembamba, kinapiga picha bakteria wakiota mbele ya dawa tano, na ndani ya dakika 45 kinasema ipi inafaa. Nilisoma habari ile mara mbili. Dakika 45! Ningefurahi kukiona kwenye kliniki ya wajawazito, ambako mwanamke anapewa dawa ya mkojo kwa kubahatisha na kurudi baada ya wiki akilia maumivu yaleyale. Tumeshaona pia mashine ya GeneXpert ilivyobadilisha kifua kikuu tangu Shirika la Afya Duniani liiidhinishe Desemba 2010: ndani ya saa mbili unajua kama kuna TB na kama dawa ya rifampisini inaigusa. Wagonjwa wa TB walikuwa wakisubiri wiki nyingi kwa swali hilo. Kwa hiyo sipingi mashine hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hata mashine ya dakika 45 haiwezi kusoma chupa iliyokaa saa tano kaunta jirani na feni.

Na nchi zetu hazijafika hata kwenye hatua ya kubishania mashine. Mradi wa MAAP, unaofuatilia usugu wa dawa, uliangalia maabara za nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na kati ya maabara zaidi ya 50,000 ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zinapima bakteria kwa kuotesha. Kwingine kote daktari anatibu homa kwa kumbukumbu na dua. Redioni wanatangaza UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wanamwonya mwananchi asinunue vidonge viwili dukani. Onyo ni la haki, lakini huyo mwananchi hana mahali pa kupeleka mkojo wake ukapimwe. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha watoto waliokuwa na bakteria wa Gram hasi kwenye damu walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenye malaria. Malaria tumeitengea vipimo mpaka zahanati ya kijijini. Bakteria wa damu tumewaachia nini?

Basi nilishuka kwenye mambo madogo. Nilianza kupanda wodini kila Jumatatu baada ya kikao cha asubuhi, dakika kumi tu, kuzungumza na masista. Huko ndiko nilikoona kitu ambacho maabara nisingekiona kamwe: chupa mbili za damu ndani ya friji, zimepangwa vizuri kando ya insulini. Sista aliyeziweka alitaka kuzitunza zisiharibike mpaka asubuhi. Alikuwa na nia njema kabisa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baridi inawadumaza walewale tunaotaka waote. Niliumia, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tunawapelekea chupa bila neno. Sasa kila boksi la chupa linapanda na karatasi ya njano: usiweke kwenye friji, usisubiri boksi lijae, andika saa uliyotoa damu, toa kabla ya kuchoma dawa.

Hilo la kuandika saa lilipingwa zaidi kuliko yote. Dokta mmoja kijana aliniambia, "Dada, mnataka kutuhesabia dakika?" Nikamwambia ndiyo, na zangu pia. Rejista mpya ina safu tano za saa: damu ilipotolewa, ilipofika, ilipolia, ilipopandwa, na jibu lilipopokelewa. Nimezichora mwenyewe. Mwezi wa kwanza ilikuwa aibu kuzisoma, na nyingi za aibu zilikuwa safu za upande wetu.

Zamu ya usiku ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Mtu mmoja hawezi kukimbiza damu ya mama anayetokwa na damu na papo hapo akapanda chupa. Tulikubaliana kwamba chupa ikilia, wa zamu anipigie mimi au mwenzangu, tunapokezana wiki. Mimi nakaa karibu, bodaboda dakika saba. Posho ya kazi hiyo bado ni barua iliyo mezani kwa wakubwa. Nitaendelea kuifuatilia, kwa sababu mpango unaotegemea mapenzi ya watu wawili utakufa siku mmoja wao akiugua au akihamishwa.

Wiki tatu zilizopita simu iliita saa nne kasoro robo usiku. Chupa ya wodi ya wazazi, mama aliyejifungua kwa upasuaji siku nne nyuma, tumbo limevimba, homa haishuki, yuko kwenye seftriaksoni na metronidazoli. Nikaacha chakula. Rangi ya Gram: vijiti vyekundu, vingi. Nikampigia dokta wa zamu nikamwambia vilivyo kwenye kioo. Pleti ziliingia inkubeta saa nne na dakika kumi. Nikaweka kengele kwenye simu, nikalala kwenye viti viwili vya chumba cha kutolea damu, na koti la maabara limekuwa shuka.

Saa kumi na dakika kumi alfajiri nilitoa pleti. Muadhini alikuwa bado. Nikaweka kitambaa cheusi, nikaigeuza chini ya taa. Sefotaksimu: zulia limefika mpaka kwenye karatasi, pande zote. Jentamisini vilevile. Amikasini ilikuwa na duara pana, ukingo wake umekatika vizuri kama umechorwa kwa bikari. Meropenemu pana zaidi. Nikaipima kila moja mara mbili, nikazirudisha pleti ndani ili zisomwe tena saa kumi na mbili na dakika kumi, nikapiga simu.

Dokta alipokea mlio wa pili.

"Dokta, ni maabara, yule mama wa wazazi kitanda cha sita. Sefotaksimu ameota mpaka kwenye diski. Seftriaksoni haimsaidii. Jenta pia."

"Amikasini je? Meropenemu?"

"Kuna maduara, lakini jina la bakteria sina. Sitaandika anasikia mpaka asubuhi."

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia akimwambia mtu pembeni, "Sista, ile ya saa kumi na mbili usimchome, nakuja hapo sasa hivi." Kisha akanirudishia maneno yangu moja moja, kama tulivyokubaliana, ili kusiwe na kusikia vibaya. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Nikafungua rejista mpya. Kwenye safu ya tano nikaandika: dokta wa zamu, kwa simu, amerudia, saa kumi na dakika kumi na nane.